Laptopu imeingia maji? Usiiwashe, okoa mafaili kwanza

Masika ikikolea hapa Dar na maji yakapanda huko Jangwani na Kigogo, watu wanakimbilia kutoa godoro na friji, laptopu inakuja kukumbukwa ishaloa chapachapa. Ndugu yangu nakuomba sana, usibonyeze pawa eti uone kama nzima. Maji yenyewe hayafuti data, kinachoua ni umeme kupita kwenye bodi ambayo bado mbichi, hapo ndo inapiga shoti na kuunguza hata vitu ambavyo vingepona.

Kama bado inawaka, shikilia pawa mpaka izime. Chaja ikiwa ukutani na sakafu ina maji, zima meni swichi kwanza ndo uchomoe. Igeuze kifudifudi maji yatoke kwenye kibodi, fungua mfuniko wa chini, chomoa waya wa betri. Habari za kufukia kwenye mchele achana nazo, mchele haufyonzi maji yaliyojificha chini ya chipu, unakuachia vumbi tu.

Sasa data. Zinakaa kwenye diski, na laptopu nyingi za mtumba diski inatoka kirahisi tu kwa bisibisi. Ukikuta SSD, yaani diski ya chipu isiyozunguka, ile nyembamba, mara nyingi milimita 22 kwa 80, inashikwa na skrubu moja, itoe, isafishe kwa alkoholi ya isopropili asilimia 99 ambayo mafundi simu wanasafishia bodi, sugua taratibu zile pini za dhahabu kwa mswaki laini mpaka ukijani uishe, kisha iache ikauke kabisa. Nenda Kariakoo ununue kesi ya nje ya diski yenye waya wa USB, ila ujue kwanza yako ni NVMe au SATA, hizo ni aina mbili za jinsi diski inavyoongea na kompyuta, maana kesi zake sio zote zinaingiliana, halafu chomeka kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Windows ikikwambia ufomati, kataa! Ikitaka namba za BitLocker, lile kufuli la Windows linalofunga diski, ni tarakimu 48, kaziangalie kwenye akaunti yako ya Microsoft, mara nyingi zinakuwa huko. Anza kukopi tesisi, picha za familia, hesabu za duka, muvi baadaye.

Hadidiski ya kuzunguka ni habari nyingine. Nyingi zina katundu ka kupitisha hewa, ikizama kwenye maji ya mafuriko tope linaingia mpaka ndani, ukiiwasha kile kichwa kinachosoma kinakwangua sahani na ndo mwisho wa habari. Hiyo usiichomeke, usiifungue, wala usiianike juani, ifunge kwenye mfuko wa plastiki hivyohivyo na unyevu wake umpelekee mtu anayerekava data, sio fundi wa kubadili vioo.

Wenye MacBook za karibuni, hasa zile zenye chipu ya Apple ya M1 kuja juu, hamna diski ya kuchomoa, imechomelewa kwenye bodi na data zimefungwa na chipu ya bodi hiyohiyo. Kwa hiyo kabla fundi hajagusa skrubu mwambie unachotaka ni data, afufue bodi ileile, maana akikubadilishia bodi utaondoka na laptopu inayowaka vizuri na haina faili lako hata moja.