Somo: Kukuza Fikra za Awali kwa Mwanafunzi Mwenye Ulemavu Mkubwa wa Akili

Somo hili ni la walimu wa vitengo vya elimu maalumu na wazazi wa watoto ambao, hata wakifikia miaka minane au kumi, bado hawasemi na wanahitaji msaada wa kula na kwenda msalani. Mtoto wa namna hii mara nyingi huoshwa, hulishwa na kukalishwa kivulini, kisha huhesabiwa kuwa amehudhuria shule. Ninaamini ana haki ya zaidi ya hayo, kwa sababu kufikiri huanza mapema sana kabla ya herufi na namba, pale mtoto anapotambua kwamba tendo lake limeleta jambo.

Hatua ya kwanza: mchunguze kwa wiki moja kabla ya kumfundisha. Andika daftarini ni kiungo gani anachokimudu, anaona na kusikia kwa kiasi gani, na ni saa ngapi huwa mchangamfu. Andika ulichokiona, maana "aligeuza kichwa kushoto kengele ilipolia" itakufaa kuliko "alifurahi".

Hatua ya pili: mpe kitu kinachoitikia mwendo alio nao tayari. Anayerusha miguu alazwe mkekani, nyayo zikigusa kopo lenye kokoto lililofungwa imara. Anayetikisa mkono avalishwe njuga, naye asiachwe peke yake hata kidogo. Lilli Nielsen wa Denmark, aliyefanya kazi na watoto wasioona, alibuni kisanduku alichokiita chumba kidogo, ambamo vitu vinavyotoa sauti huning'inia karibu na mtoto aliyelala, na boksi kubwa la katoni linaweza kutumika kwa namna hiyohiyo. Mtoto akishazoea, vua njuga kwa muda mfupi. Akiongeza kutikisa mkono, au akautazama, jua kwamba alikuwa akiitarajia ile sauti.

Hatua ya tatu: anzisha mchezo, usitishe, kisha subiri. Mbembeze katika shuka lililoshikwa na watu wazima wawili huku mkihesabu moja, mbili, tatu, na bembea ianze kwenye tatu. Baada ya siku kadhaa semeni moja, mbili, halafu mnyamaze. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Kimya kinatutia wasiwasi, tunarudia maneno, tunamtikisa bega, tunamshika mkono, na kila tunapofanya hivyo mtoto aliyekuwa amekaribia kujibu hulazimika kuanza upya. Hesabu kimoyomoyo hadi ishirini, na ikibidi mwombe mwenzako akushikie saa, kwa kuwa sekunde ishirini za kweli ni ndefu kuliko tunavyodhani. Ukope ukipepesa, pumzi ikibadilika au kidole kikisogea, lichukulie kuwa ombi na shuka libembee papo hapo, hata kama huna hakika kwamba alikusudia. Kukusudia kwenyewe hukua kutokana na kujibiwa.

Hatua ya nne: kila shughuli iwe na kitu chake. Kikombe kilekile kiwekwe mkononi mwake kabla ya uji, na taulo lilelile kabla ya kuoga. Siku atakapofungua mdomo kwa kukigusa kikombe tu, kumbukumbu yake imefanya kazi.

Hatua ya tano: mfichie kitu. Mwanasaikolojia wa Uswisi Jean Piaget (1896–1980) alieleza kwamba mtoto mchanga huanza kutafuta kitu kilichofichwa akikaribia miezi 8 au 9. Mwanafunzi wetu huenda akafikia hapo baada ya miaka. Funika nusu ya kitu anachokipenda kwa khanga, kisha chote. Asiyeona afichiwe redio ndogo inayolia.

Hatua ya sita: achague. Mpe vitu viwili, kimoja anachokipenda na kingine kisichomvutia, ukibadilisha pande, kwani huenda anafuata mkono wa kulia tu. Akimudu, mpe kikombe kitupu na umwache ashughulike na tatizo hilo.

Maswali ya wazazi na walimu

Mzazi: Shikamoo mwalimu. Binti yangu ana mtindio wa ubongo na mikono yake imekaza. Je, nimshike mkono ili apige kopo?

Jibu: Marahaba, mama. Weka mkono wako chini ya wake ili autoe akitaka, maana mkono unaobanwa kutoka juu haujifunzi kuamua. Ila anza na mkao: mwegemeze vizuri, kichwa kikae katikati. Mikono ikikataa kabisa, tumia kichwa au macho.

Mwalimu wa kitengo: Nina wanafunzi kumi na wanne na msaidizi mmoja. Muda wa kusubiri nitaupata wapi?

Jibu: Usitafute kipindi kipya. Uji hugawiwa na mikono hunawishwa kila siku, hivyo chagua mtoto mmoja na hatua moja kwa wiki nzima, umfanyie ndani ya shughuli hizo. Msaidizi afundishwe kunyamaza kama wewe. Asipoelewa sababu ataharakisha, na hatakuwa na kosa.

Mzazi: Mwanangu huganda macho katikati ya mchezo. Nimekuwa nikisubiri nikidhani anafikiri.

Jibu: Kusubiri hakukumdhuru, lakini mpeleke hospitali. Zipo aina za kifafa ambazo humfanya mtoto akodoe macho kwa sekunde chache bila kuanguka, na watu huzichukulia kuwa utulivu au kutojali. Mrekodi kwa simu inapotokea, uandike saa na muda, umwoneshe daktari. Kwa sasa michezo iendelee, isipokuwa ile ya taa zinazomemeteka.