Turbo haivuti? Jaza upepo, paka povu

Kwa mnaotengeneza Toyota Starlet Glanza nyumbani hapa Tanga: msinunue turbo (pampu inayosukuma hewa ndani ya injini) nyingine kabla ya kupima uvujaji wa hewa kwenye mipira yake. Tafuta kifuniko cha bomba la PVC kinachoenea mdomo wa turbo unaovuta hewa, kitoboe, pachika valvu ya tairi la tyubulesi. Fundi pancha yeyote Ngamiani anazo. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, ziba mpira wa kupumulia injini, funga kifuniko kwa mpira na klipu, jaza upepo taratibu usizidi PSI 15, upake povu la sabuni kila kiungo hadi manifodi, yaani bomba linalogawa hewa kwenye silinda. Simama pembeni, kifuniko huweza kuruka. Gari likiwa sailensa, yaani linanguruma bila kukanyagwa mafuta, mipira haina presha, ndiyo maana tundu hujificha. Pampu inaleta presha ile ya barabarani. Langu lilitoa vipovu chini ya klipu iliyong'aa juu, kumbe kwa chini chumvi ya bahari imeshaila. Mlio kwenye ekzosi usikutishe, ni valvu za injini zilizo wazi. Zungusha krenki (shafti kuu ya injini) kidogo zifunge. Ila ufa unaofunguka kwa joto tu, njia hii haiuoni.