Kuzuia mafua na kikohozi yasienee nyumbani: mwongozo kwa familia za Lamu

Mtu mwenye mafua anapokohoa au kupiga chafya hutoa matone yenye virusi, ambayo mengine huanguka karibu naye na mengine, yaliyo madogo zaidi, hubaki hewani kwa muda. Kwa hiyo kinga huanza na anayeumwa: akohoe kwenye kiwiko kilichokunjwa, wala si kiganjani, maana kiganja hicho ndicho atakachompa jirani barazani muda mfupi baadaye.

Mikono yataka uangalifu zaidi, hasa kwetu ambako watoto hubusu mikono ya wazee. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20 au zaidi, ukisugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba na chini ya kucha, kisha ukaushe kwa kitambaa safi. Pasipo na bomba, mmoja amimine maji kwa kata huku mwenzake akinawa. Kuchovya mikono kwa zamu katika beseni moja kabla ya sinia la pilau kuletwa hakufai, kwa kuwa wa mwisho hunawa uchafu wa waliomtangulia. Anayetawadha mara tano kwa siku ana msingi mzuri. Aongeze sabuni kabla ya kula na baada ya kupenga kamasi.

Vikombe vya kahawa navyo visipite mdomo hadi mdomo baada ya kusuuzwa tu katika ndoo moja. Vioshwe kwa sabuni. Na anayekuja na kikombe chake, kwa maoni yangu, anastahili kushukuriwa, si kushangaliwa.

Nyumba zetu za mawe zina vyumba vya ndani visivyopitisha hewa ya kutosha. Mgonjwa asilazwe huko pamoja na watoto, bali apewe chumba chenye dirisha, nalo liachwe wazi upepo upite. Anayemhudumia na mgonjwa mwenyewe wavae barakoa wanapokuwa karibu.

Kikohozi kikizidi wiki mbili, mgonjwa akapimwe kifua kikuu, ambacho matibabu yake hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali. Mtoto anayepumua kwa kasi, au ambaye sehemu ya chini ya kifua chake inabonyea ndani kila anapovuta pumzi, apelekwe hospitali mara moja, hata ikiwa ni usiku na ni lazima kutafuta boti.