Jinsi ya kupiga hesabu ya kodi ya bangi kwa kichwa cha mkulima wa korosho

Vijana wa hapa Tandahimba wakianza kuzungumza uchumi, hawachelewi kufika Marekani. Mmoja atasema majimbo ya huko yamehalalisha bangi ya starehe na sasa yanaogelea kwenye mabilioni ya kodi. Mwingine atabisha kwa nguvu ileile, naye hana tarakimu. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika cha wakulima wa korosho. Kazi yangu ni mizani, stakabadhi na makato, na fedha ikitajwa bila kuelezwa imetoka wapi siwezi kunyamaza. Utaratibu ninaowapa ni huu. Ila tuelewane kwanza: kwetu bangi ni haramu, sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 iko wazi, na hesabu hii haimruhusu mtu kupanda hata mche mmoja. Tunapima hoja tu.

Anza kwa kuuliza kodi inakatwa wapi, na kwa thamani ipi. Kwenye korosho tunajua kwamba ushuru wa mazao wa halmashauri, asilimia 3, si sawa na ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje, ambao ni asilimia 15 ya thamani au dola 160 kwa tani, kinachochukuliwa ni kile kilicho kikubwa. Jimbo la Colorado nako kuna makato mawili. Wananchi walipiga kura ya kuihalalisha bangi Novemba 2012, maduka yakafunguliwa tarehe 1 Januari 2014. Kodi ya kwanza, asilimia 15, hukatwa bangi inapotoka kwa mkulima, kwa bei ya jumla. Ya pili hulipwa na mnunuzi dukani. Ilianza na asilimia 10, ikapandishwa hadi 15 mwaka 2017. Jimbo la Washington lenyewe linakata mara moja tu, dukani, asilimia 37. Kwa hiyo anayekuambia "kodi ni asilimia fulani" bila kutaja jimbo na mahali pa kukata, hajakuambia kitu.

Sasa chukua karatasi. Usihesabu wavutaji, hesabu mauzo yaliyoandikwa. Mwaka 2021 maduka ya Colorado yaliuza bangi ya takriban dola bilioni 2.2. Usikimbilie kuzidisha, kwa sababu ndani yake mna bangi ya wagonjwa, kama dola milioni 400, ambayo haitozwi ile kodi maalumu ya dukani. Ukiiondoa inabaki bilioni 1.8, na asilimia 15 yake ni milioni 270. Ongeza kodi ya shambani na ada za leseni, ndipo utaelewa jinsi jimbo lilivyofikisha jumla ya kama dola milioni 423 mwaka ule. Mtu akikuletea bilioni nzima kwa Colorado peke yake, mwombe akuonyeshe alichozidisha.

Kazi kubwa inakuja hapa, nawaomba msiiruke. Kodi haikatwi kwenye bangi inayovutwa. Inakatwa kwenye bangi iliyopita dukani. Sisi wa kusini hili tumelelewa nalo. Mwezi wa saba unga umekwisha ndani, mtoto anadaiwa mchango wa shule, na mkorosho ndiyo kwanza una maua. Anakuja mtu wa kangomba, yaani mlanguzi anayenunua nje ya chama, na noti mkononi, ananunua korosho ambazo hazijazaliwa. Mwezi wa kumi anazifuata usiku kwa bodaboda, anapima kwa chombo chake, mkulima anatazama na hana la kusema kwa sababu fedha ameshaila. Zikivushwa mto Ruvuma kwenda Msumbiji, halmashauri haioni hata senti. Hata uandike kiwango gani cha ushuru kwenye sheria, kilo hizo hazipo kwenye kitabu changu.

California ndiyo iliyopata kangomba ya bangi. Walipitisha kura Novemba 2016, maduka yakaanza kuuza Januari 2018. Wakamtoza mkulima kwa uzito, wakamtoza mnunuzi asilimia 15, juu yake ikaja kodi ya kawaida ya mauzo, na miji nayo ikaongeza ya kwake. Papo hapo zaidi ya nusu ya miji na kaunti zikakataa kuwa na maduka. Mnunuzi akarudi kwa muuzaji wake wa siku zote, asiyetoa risiti. Kabla ya kura ilisemwa mapato yanaweza kufika dola bilioni 1 kwa mwaka, lakini mwaka wa kwanza hayakufika hata nusu. Tarehe 1 Julai 2022 wakaifuta ile kodi ya mkulima. Kwa hiyo kwenye karatasi yako usiandike jibu moja. Andika jibu la nusu ya bangi kupita dukani, kisha la robo tatu, na mwenye hoja aeleze kwa nini anaamini lile kubwa.

Bei nayo inashuka. Mwanzoni mwa 2021 bei ya jumla ya ratili moja Colorado ilikuwa juu ya dola 1,000; kufikia 2023 ilikuwa chini ya 800. Mashamba yalikuwa yameongezeka, majirani kama New Mexico wakafungua maduka yao Aprili 2022, na sheria ya nchi nzima bado inakataza kuvusha bangi mpaka wa jimbo, hivyo ziada haina pa kwenda. Kodi ya asilimia hushuka pamoja na bei. Mwaka 2023 Colorado ilikusanya kama dola milioni 275, na viwango havikuwa vimebadilika. Anayetumia tarakimu ya 2021 leo anakuuzia bei ya mnada wa msimu uliopita.

Kisha fuata fedha mpaka mfukoni inapoingia. Hapa nitasema kwa uchungu, maana ndipo wakulima wetu walipoumia. Zamani asilimia 65 ya ushuru wa korosho nje ilirudi kwenye zao: pembejeo, utafiti wa kituo cha Naliendele na mengineyo. Mwaka 2018 Bunge likabadili sheria, yote ikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali. Kiwango cha ushuru hakikuguswa. Kilichobadilika ni mstari mmoja unaosema fedha iende wapi, na wabunge wa kusini walipiga kelele mpaka sauti zikawakauka. Basi usome mstari huo kwa kila jimbo. Colorado, sheria ilisema dola milioni 40 za kwanza za kodi ya shambani kila mwaka ziende kujenga shule. Watu wengi walisikia "shule zitapata milioni 40". Mwaka 2014 kodi hiyo ilileta kama milioni 13 tu. "Za kwanza" ni kikomo, si ahadi, na mzazi aliyepigia kura madarasa alistahili kuelezwa hivyo kabla ya kura.

Mwisho gawanya kwa bajeti. Bajeti ya Colorado ilikuwa zaidi ya dola bilioni 30, kwa hiyo milioni 423, katika mwaka wao bora kuliko yote, ilikuwa kidogo zaidi ya senti moja katika kila dola ya jimbo. Ni fedha halali, inajenga madarasa, mimi siidharau. Ila haifuti kodi nyingine, na humo humo walipwe wakaguzi, maabara za kupima na ofisi ya leseni.

Chini ya karatasi andika mwaka wa tarakimu, jibu dogo, jibu kubwa, jina la mfuko, na sehemu yake kwenye bajeti. Kwenye mdahalo mkabidhi mwenzako karatasi hiyo kabla hujafungua mdomo, umpe nafasi ya kuikagua.