Kabla ya kumwandikisha awali: mtoto anahitaji chekechea kiasi gani?

Mwaka mmoja wa darasa la awali, chini ya mwalimu anayewajua watoto wake kwa majina, unawatosha watoto wengi kuingia darasa la kwanza. Nimetanguliza jibu kwa sababu mzazi wa Dodoma anayeuliza swali hili miezi ya mwisho wa mwaka, uandikishaji unapoanza, hujibiwa kila namna. Jirani wa Ilazo anamwambia kwamba mwanawe aliingia bebi klasi, darasa la wadogo kabisa, na miaka miwili na nusu, sasa yuko priyuniti, darasa la mwisho kabla ya la kwanza, na anasoma kitabu kizima. Bibi wa Bahi anasema mtoto ni wa shule siku atakapopitisha mkono juu ya kichwa akashika sikio la upande wa pili. Mzazi anabaki na hofu, na hofu hiyo huwafanya wengine wakope ili walipe ada ambayo mtoto hakuihitaji.

Bibi ana sababu yake. Enzi alizosomesha yeye, watoto wengi walianza darasa la kwanza na miaka saba au zaidi, na wachache tu walipitia vidudu, kama chekechea ilivyoitwa. Sera ya elimu ya 1995 ndiyo iliyoweka awali ya miaka miwili, kwa watoto wa miaka mitano na sita. Sera ya 2014 ikafanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima, na toleo lake la 2023, lililozinduliwa hapa hapa Dodoma Februari 2025, limebaki na mwaka huo mmoja: mtoto anaingia awali na miaka mitano, darasa la kwanza na sita. Awali ya shule ya serikali haina ada tangu mpango wa elimu bila ada ulipoanza 2016. Bebi klasi na midoklasi za shule binafsi zinazotangulia si sharti la serikali. Mzazi anaweza kuziacha na mwanawe asiwe amechelewa hata siku moja.

Kwa hiyo anza na tarehe ya kuzaliwa. Shule hufunguliwa Januari, na mtoto aliyezaliwa Novemba au Desemba hana utata: ametimiza mitano, aende. Utata uko kwa yule atakayetimiza mitano Julai au Agosti. Januari ana miaka minne na nusu, na wazazi wengi humsukuma ili "asipoteze mwaka". Ninaowapokea darasani katika umri huo, wengi wao husinzia saa nne, hulia wakinyang'anywa kalamu, na hushindwa kukaa hadi hadithi iishe, wakati mwenzao mwenye mitano na nusu anauliza simba alikwenda wapi. Kama nyumbani kuna mtu wa kukaa naye, mngoje. Ataingia awali na miaka mitano na miezi kadhaa, na darasa la kwanza na sita na miezi kadhaa, umri mzuri kabisa. Ufini, nchi inayosifiwa kwa shule zake, watoto huanza darasa la kwanza mwaka wanaotimiza miaka saba, baada ya mwaka mmoja wa awali.

Kama nyumbani hakuna mtu wa kukaa naye, hilo ni swali jingine, na naomba sana wazazi wasiyachanganye mawili haya. Tangu serikali ilipohamia Dodoma, familia nyingi zimekuja hapa bila bibi wala shangazi. Baba anaondoka Nkuhungu alfajiri kwenda ofisi za serikali Mtumba, mama ana duka Majengo, na dada wa kazi aliondoka Pasaka. Mtoto wa miaka miwili au mitatu wa nyumba hiyo anahitaji kituo cha kulelea watoto mchana, na hakuna aibu wala ubaya ndani yake. Ila akichaguliwa kituo kwa kuulizwa "wanafundisha kusoma?", maswali yanayofaa hayaulizwi. Uliza cheti cha usajili, kinachopitia ofisi ya Ustawi wa Jamii. Uliza watoto wangapi wanaangaliwa na mtu mmoja. Omba uone choo, na mahali wanapolala mchana. Uliza maji ya kunywa yanatoka wapi, maana mgao wa maji hapa tunaujua. Kisha nenda siku moja bila kutoa taarifa, saa tano hivi, usimame mlangoni usikilize: watoto wanaongeleshwa, au wanafokewa wakae kimya?

Uingereza ulifanyika utafiti mkubwa ulioanza 1997, ukawafuatilia watoto wapatao 3,000 tangu walipokuwa na miaka mitatu. Uliona kwamba waliokwenda chekechea nusu siku walifaidika sawa na waliokwenda siku nzima. Uliona pia, na sitalificha kwa kuwa linanipinga kidogo, kwamba walioanza mapema zaidi walipiga hatua zaidi, na kwamba ubora wa mahali ulikuwa na uzito mkubwa. Mimi nalisoma hivi: kama kuna kituo kizuri jirani na unakimudu, mtoto wa miaka mitatu au minne atafaidika na asubuhi chache za kucheza na wenzake. Siku nzima ilipie kwa sababu ya kazi yako. Na kituo kibovu, hata kikiwa na gari la njano na sare, nyumba yenye mtu wa kuongea na mtoto inakishinda.

Wapo watoto ambao mwaka mmoja hauwatoshi. Wa kwanza ni mtoto ambaye Kiswahili si lugha ya nyumbani. Vijijini Chamwino na Bahi anasikia Kigogo, Kondoa Kirangi, na Chemba wapo wanaokua na Kisandawe. Mtoto huyu ana akili timamu na maneno mengi, lakini mwalimu akisema "chukueni vijiti vitano" anatazama wenzake kwanza. Akifika miezi michache kabla, hata kwa kucheza tu na watoto wanaoongea Kiswahili, Januari haimkuti mikono mitupu. Kwenye mkoa wetu, mradi wa elimu ulioitwa EQUIP-T uliwahi kuendesha madarasa ya utayari kwa watoto wasiopata awali: miezi michache tu, kwa hadithi na michezo, wakifundishwa na vijana wa kijiji hicho hicho. Kijiji chochote chenye kijana mmoja mwenye moyo kinaweza kufanya jambo kama hilo chini ya mti. Wala lugha ya nyumbani isikatazwe. Mtoto aliyezoea kusimuliwa hadithi kwa Kigogo anajua tayari kwamba hadithi ina mwanzo na mwisho, na hilo linahamia kwenye Kiswahili.

Wa pili ni mtoto ambaye hasikii vizuri, haoni vizuri, au amechelewa kuongea. Huyu asingojwe mpaka mwalimu agundue. Mwite kwa sauti ya chini akiwa amekupa mgongo. Mwoneshe ndege aliye mbali juu ya mbuyu. Ukiwa na wasiwasi mpeleke hospitali kabla ya Januari, maana mtoto asiyesikia huitwa mkaidi kwa mwaka mzima bila kosa. Buigiri, wilayani Chamwino, iko shule ya msingi ya wasioona, na walimu wa elimu maalumu wapo katika shule nyingine pia. Afisa elimu wa kata anaweza kukuelekeza.

Sasa yale ya nyumbani, ambayo hayana ada. Nitaanza na choo, kwa sababu ndicho kinachowaliza watoto wengi wiki ya kwanza kuliko herufi zote. Mtoto aliyezoea poti au choo cha kukalia nyumbani Area D anafika shule ya serikali anakuta tundu la shimo lililotengenezwa kwa miguu ya mtu mzima. Anaogopa kutumbukia, anajizuia, anajikojolea, wenzake wanamcheka, na kesho yake hataki shule. Mfundishe kuchuchumaa, kuvua na kuvaa kaptula au chupi peke yake, kujisafisha, kunawa. Mnunulie kaptula ya lastiki, achana na vifungo na mikanda. Na awe na sentensi tatu za Kiswahili anazoweza kuzisema kwa sauti mbele ya mtu asiyemjua: naomba kwenda chooni, naomba maji, naumwa hapa.

Uso nao uoshwe kila asubuhi, na mtoto ajue kuuosha mwenyewe. Kanda yetu ni kavu, ina upepo, vumbi na nzi, na Kongwa kwa miaka mingi ilijulikana kwa ugonjwa wa macho wa trakoma, unaoambukizwa kwa tongotongo kupitia mikono, nguo na nzi. Darasa la watoto wanaofutana nyuso kwa kitenge kimoja huambukizana upesi.

Vidole vinahitaji kazi kabla ya penseli. Kupukuchua mahindi, kumenya karanga, kufinyanga udongo, kucheza mdako: mtoto aliyefanya haya hushika penseli bila kuchoka, na mdako unamfundisha kuhesabu kwa macho na mkono pamoja. Mtaala wa awali wenyewe, ule uliotangulia huu wa sasa, ulioandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania 2016, ulijengwa juu ya kuhusiana na wengine, kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, sanaa na michezo, na dhana za mwanzo za hisabati. Hakuna mahali ulipomtaka mtoto afike akiwa anajua kusoma. Ndiyo maana intavyuu za baadhi ya shule binafsi, mtoto wa miaka minne akipewa karatasi ajaze, zinaniumiza. Shule inayomkataa mtoto kwa sababu hajui kuandika kile inacholipwa kumfundisha, mzazi ana haki ya kuikataa vilevile.

Chakula na usingizi nitapita haraka, si kwa udogo wake bali kwa kuwa kila mzazi anavijua. Alale mapema kuanzia Desemba, usingoje jioni ya kuamkia siku ya kufungua. Uliza kama shule ina uji, na mchango wake ni debe la mahindi au fedha. Kwa familia za wakulima jambo hili lina uzito wake: Januari ni msimu wa kulima na kupalilia, ghala limepungua, mama yuko shamba tangu alfajiri, na mtoto anaweza kutoka bila kitu tumboni. Mkubaliane mapema nani atakayempa hata kiporo cha ugali wa uwele kabla hajatoka.

Msimu huo huo unaleta suala la njia. Mvua yetu ni moja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na shule inafunguliwa katikati yake. Korongo lililokuwa mchanga mkavu asubuhi laweza kuwa na maji ya kumzoa mtu mzima saa sita. Tembea na mtoto njia nzima kwa mguu kabla ya shule kufunguliwa, kwa mwendo wake, uone makorongo, barabara ya kuvuka, na mbwa wa nyumba za njiani. Kisha panga nani anampokea, kwa sababu awali hutoka mapema kuliko kaka na dada zake wa madarasa ya juu. Kama shule ya karibu haifikiki mvua ikinyesha, uliza kama kuna shule shikizi, yale madarasa ya watoto wadogo yanayojengwa karibu na vitongoji vya mbali. Wanaopanda bajaji au gari la shule wajue jina la dereva, na dereva awe na namba yako. Na kwa anayewaza bweni ili kukwepa adha hizi: waraka wa Kamishna wa Elimu wa 2023 ulizuia huduma ya bweni kuanzia awali hadi darasa la nne, na nashukuru ulitolewa.

Karatasi ziwe tayari Septemba. Cheti cha kuzaliwa cha RITA ni rahisi kukipata mtoto akiwa chini ya miaka mitano, kupitia kituo cha afya au ofisi ya mtendaji wa kata. Akivuka umri huo utaratibu unabadilika na una gharama. Tazama kadi ya kliniki kama chanjo zimekamilika, hasa ile ya pili ya surua na rubela ya miezi 18, ambayo wengi huisahau kwa kuwa mtoto ameshaanza kukimbia. Desemba kuna matone ya vitamini A na dawa za minyoo kwa walio chini ya miaka mitano, kwa hiyo kama wako bado hajavuka, usimwache akapitwa.

Mwisho, nenda ukalione darasa. Kiwango kilichowekwa ni mwalimu 1 kwa watoto 25, na katika shule nyingi za mjini hapa utakuta wengi zaidi ya hao. Usikimbie kwa hilo peke yake. Uliza kama mwalimu wa awali ni wake darasa hilo au anaazimwa kutoka la tatu, angalia kama watoto wana kitu mikononi, vizibo, vijiti, magunzi, au wanakariri tu kwa kuimba. Kama darasa limejaa na mwalimu anajitahidi, mwambie wazi mtoto wako anahitaji nini: hasikii sikio la kushoto, anaogopa choo, Kiswahili kinamsumbua. Sisi walimu tunakumbuka mtoto tuliyeambiwa habari zake.

Kilio cha wiki mbili za kwanza ni cha kawaida. Muage, mwambie utarudi saa ngapi, uondoke, na urudi saa hiyo hiyo. Kikifika mwezi wa tatu bado analia kila asubuhi, au amerudi kukojoa kitandani, njoo shuleni tuzungumze. Ikibidi mtoto apumzike nyumbani aanze upya Januari inayofuata, aanze.