SOMO: Leza ikirudishiwa mwanga wake inachanganyikiwa, jionee mwenyewe mezani

Wakuu habari za Dodoma, huku vumbi na upepo kama kawaida. Jamaa mmoja aliniuliza kwa nini mafundi wa faiba wanang'ang'ania konekta za kijani zilizokatwa mshazari nyuzi 8, nikamwambia faiba iliyokatwa wima ikiachwa wazi inarudisha kama asilimia 4 ya mwanga na huo mwanga unaivuruga leza, akabisha, basi nikamfanyia hivi.

Tafuta leza daiodi ya nanomita 650 yenye fotodaiodi ndani (kisensa kinachogeuza mwanga kuwa umeme), za pointa za bei chee nyingi hazina kwahiyo uliza kabla hujatoa hela. Iwashe kwa betri ya volti 9 kupitia LM317 (IC ya kudhibiti mkondo wa umeme) na rezista ya omu 47, unapata miliampia 26 hivi, ila soma datashiti kwanza maana ukizidisha kidogo tu imekufa. Chaja ya ukutani hapana, itakuletea mngurumo. Na leza usiichungulie!

Fotodaiodi iwekee rezista ya kilo-omu 10 na betri yake, daiodi ikae kinyume, chukua signo kupitia kapasita mpaka tundu la maiki la laptopu, fungua programu ya kurekodi sauti.

Sasa tunairudishia mwanga wake kwa karatasi badala ya ncha ya faiba: gundisha karatasi nyeupe kwenye spika ndogo, iwe sentimita 20 mbele, lenzi ikusanye mwanga hapo, piga toni ya hezi 100 kwa sauti ya chini kabisa. Kila wimbi utakaloona kwenye skrini ni karatasi imesogea nanomita 325, nusu ya urefu wa wimbi la mwanga. Sasa hapa ndo patamu, mawimbi hayako laini, yameegemea upande kama meno ya msumeno na spika ikigeuza mwendo nayo yanageuka. Sababu ni kwamba mwanga uliorudi unabadilisha idadi ya elektroni ndani ya leza, elektroni zikibadilika rangi nayo inasogea kidogo, rangi ikisogea mwanga unaorudi unakuta hali nyingine, yaani inajizungukia yenyewe. Watafiti Lang na Kobayashi waliiandikia milinganyo mwaka 1980.

MASWALI

Mdau wa UDOM: Mkuu, keosi yenyewe, yaani leza kuvurugika bila mpangilio unaotabirika, mbona siioni?
Jibu: Hiyo inacheza kwenye gigahezi, laptopu inachukua sampuli 48,000 tu kwa sekunde, hupati kitu. Ila ipo kweli, mwaka 2005 kule Athens watafiti waliificha meseji ndani ya keosi ikapita kilomita 120 za faiba.

Mdau wa Kisasa: Na amplifaya za mwanga, zile za kuongeza nguvu ya mwanga kwenye faiba, nazo zinavurugika?
Jibu: Za semikondakta zinachoka na kupona ndani ya nanosekunde au chini, kwahiyo biti moja inaiharibia inayofuata. Za erbiamu zinapona taratibu, milisekunde 10 hivi, haziwahi kuona biti mojamoja.

Mdau wa Ng'ong'ona: Meno yanatokea hata spika ikiwa imezimwa??
Jibu: Meza inatikisika. Kwangu hata bodaboda ikipita nje naiona kwenye skrini. Weka ubao juu ya tyubu ya pikipiki, upepo usijae sana, vyote vikae juu yake.