SOMO: Laptopu ya mtumba inagoma kuwaka? Jua kwanza imekwama wapi

Wakuu, swali ni lile lile kila siku: "Haiwaki, nibadilishe nini?" Naandika mara moja, wengine watakuwa wanaelekezwa hapa. "Haiwaki" haitoshi. Kuna isiyotoa hata taa, kuna inayozungusha feni kioo kikabaki cheusi, kuna inayogandia kwenye nembo, na kuna inayodai haina diski. Dawa ya moja haitibu nyingine.

1. Chaja. Volti zilingane na lebo ya chini ya mashine (nyingi ni 19, 19.5 au 20), ampea zisipungue. Pima kwa mita. Chaja ya USB-C haipimiki hivyo, maana haitoi volti kamili mpaka ielewane na mashine. Jaribu nyingine tu.

2. Chomoa chaja, toa betri, shikilia kitufe cha kuwasha sekunde 30 hadi 60. Washa kwa chaja peke yake.

3. Feni inazunguka, kioo cheusi: mulika tochi kwa pembeni. Ukiona picha hafifu, mashine ni nzima, imekufa taa ya kioo au waya wake. Usipoona kitu, chomeka televisheni kwa HDMI. Taa ya Caps Lock ikipepesa, hesabu mipepeso, kisha tafuta maana yake kwenye kitabu cha modeli hiyo.

4. RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine). Kabla ya kuigusa, chomoa plagi ya betri ya ndani. Futa meno yake kwa kifutio cha penseli, rudisha, jaribu moja moja kila nafasi. Zenye DDR5 (aina mpya ya RAM) zinaweza kukaa na kioo cheusi dakika kadhaa baada ya RAM kuchomolewa. Ziache, usizime.

5. BIOS (programu ya ubaoni inayotangulia Windows, yenye mipangilio ya mashine). Hapa ndipo watu wanafuta Windows nzima bila sababu. Mtumba uliokaa muda mrefu stoo mara nyingi betri yake ndogo ya ubaoni (CR2032 kwa nyingi) imekufa. Ikifa, mashine nyingi za zamani hurudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na hiyo huenda siyo iliyotumika Windows ilipowekwa. Dalili ni tarehe iliyorudi nyuma miaka mingi. Betri mpya inasoma volti 3 au zaidi kidogo. Ikishuka chini ya 2.7, badilisha. Kisha ingia BIOS uangalie mambo mawili. Kwanza, hali ya diski, yaani namna mashine inavyoongea na diski: AHCI au RAID (nyingine huandika RST). Ikiwa siyo ile ya awali, unapata skrini ya bluu yenye maneno INACCESSIBLE BOOT DEVICE. Geuza, hifadhi, washa tena. Pili, njia ya kuwashia: UEFI (mpya) au Legacy (ya zamani). Usibahatishe: washa kwa flashi ya kusakinishia Windows, bonyeza Shift+F10 lifunguke dirisha la amri, andika diskpart (programu ya kusimamia diski), kisha list disk. Diski yenye nyota chini ya Gpt inataka UEFI. Isiyo na nyota, kwa kawaida Legacy.

ONYO: ndani ya diskpart usiandike clean. Inafuta ramani ya diski bila kukuuliza hata mara moja.
ONYO: piga picha kila ukurasa wa BIOS kabla ya kugusa chochote.
ONYO: kama diski imefungwa kwa BitLocker (kufuli la Windows la kulinda data), ukigeuza mipangilio unaweza kuombwa ufunguo wa tarakimu 48. Anao mwenye mashine wa mwanzo.

6. BIOS haioni diski kabisa: ichomoe, irudishe, ijaribu kwenye mashine nyingine. Isipoonekana na huko, imekufa.

MASWALI

– Mkuu, yangu haiwaki, msaada.
Hatua ya 1.

– Nimepiga Windows mara tatu, bado inasema haina diski ya kuwashia.
Hatua ya 5 umeiruka. Data kama ilikuwepo, huenda imeshaondoka.

– Sijairuka, niliisoma haraka.
Basi isome polepole. list disk inasemaje?

– Kwa nini mashine nyingine betri ndogo ikifa inapoteza saa tu, mipangilio inabaki?
Swali zuri. Za zamani ziliweka mipangilio kwenye kumbukumbu ndogo inayoishi kwa umeme wa betri hiyo. Nyingi za sasa huiweka kwenye chipu ile ile ya BIOS, isiyohitaji umeme kuhifadhi, hivyo betri inabaki na kazi ya saa. Ila usiidharau saa: ikikosea kwa miaka, kivinjari kinakataa tovuti kikidai cheti si halali, na watu wanalaumu intaneti.

– BIOS inaomba nenosiri. Nikitoa betri ndogo litafutika?
Kwenye laptopu nyingi za ofisi, hapana. Rudi kwa aliyekuuzia. Ndiyo maana unaingia BIOS kabla ya kulipa.

– Skrubu zinanichanganya wakati wa kurudisha.
Chora umbo la mfuniko kwenye kadibodi, choma kila skrubu mahali pake. Ndefu ikiingia tundu la fupi inatoboa mfuniko wa juu au kukandamiza ubao.

– Padi ya kipanya imekuwa ngumu kubonyeza, inahusiana?
Acha kuitumia sasa hivi. Betri iko chini yake na huenda imevimba. Usiikandamize, usiitoboe; ikinata, usiichokonoe kwa bisibisi.